Umri wa leseni umeshuka hadi miaka 17, lakini nani anamfundisha mtoto kuingia kwenye dawari?

Sheria mpya ya barabara ya Falme za Kiarabu ilianza kutumika tarehe 29 Machi 2025. Jina lake rasmi ni Amri ya Shirikisho namba 14 ya mwaka 2024, na imechukua nafasi ya sheria ya mwaka 1995. Ndani yake mna mambo mengi: adhabu kali zaidi kwa anayevuka barabara pasiporuhusiwa, makatazo ya kupiga honi ovyo, na mengineyo. Lakini majumbani kwetu lililozungumzwa ni moja tu, nalo ni umri. Kijana sasa anaweza kupata leseni ya gari akiwa na miaka 17, si 18 tena.

Tangu hapo kila ninapokwenda kusalimia watu, Mirdif, Qusais, mpaka Sharjah, nakuta mjadala ni ule ule. Mama anaona afadhali, maana yeye ndiye anayezunguka na watoto wanne wa skuli nne. Baba anasema mtoto bado mdogo. Bibi anasikiliza, halafu anauliza swali moja ambalo hakuna anayelijibu vizuri: "Na hayo madawari yenu, atayaweza?"

Bibi kagusa penyewe. Kwenye barabara kuu kama ya Sheikh Zayed gari zinakwenda kasi, ndiyo, lakini zote zinaelekea upande mmoja. Kwenye taa, taa inakuamulia. Kwenye dawari hakuna anayekuamulia. Unatakiwa ujue unakokwenda kabla hujafika, uchague leni kabla hujafika, usimame au uingie kwa kupima mwenyewe, halafu utoke bila kumkata mtu. Mambo manne hayo yanakuja ndani ya sekunde chache, na yanamkuta mtu ambaye bado anafikiria mguu gani ni wa breki. Ndiyo maana ukiwauliza walioanguka mtihani wa barabarani hapa Dubai, ukiacha wale wa kubadilisha leni bila kutazama begani, utasikia dawari, dawari, dawari.

Sisi tuna shida moja ya ziada, na imo kwenye lugha yetu. Bara na Zanzibar dawari tunaiita kipilefti. Wengi wanalitamka neno hilo kila siku bila kufikiria lilikotoka. Limetokana na kibao cha Kiingereza cha wakati wa ukoloni, kilichomwamrisha dereva ashike kushoto. Waswahili wakasikia "ki" ya mwanzo wakaona hiki ni kitu kama kiti na kikombe, kikiwa kimoja ni kipilefti, vikiwa vingi ni vipilefti. Kwa hiyo mtu aliyekulia Unguja, Tanga au Dar anabeba jina ambalo lenyewe linamwambia ashike kushoto, halafu anakuja nalo Dubai kwenye nchi ya kushika kulia. Mkenya yeye anasema raundabauti na neno halimdanganyi, lakini mkono wake umezoea kushoto vile vile.

Hapa pia, kumbe, magari yalikuwa yakishika kushoto zamani. Imarati hizi, kabla hazijawa dola moja, zilihamia kulia mwaka 1966. Na mwaka huo huo Waingereza waliweka sheria ambayo leo ndiyo roho ya dawari nyingi duniani: anayeingia ampishe aliyemo ndani. Kabla ya hapo vipilefti vyao vilikuwa vikijifunga vyenyewe, kwa sababu walioingia walijazana ndani na waliomo wakakosa pa kutokea. Mtaalamu wao wa barabara, Frank Blackmore, ndiye aliyepigania mabadiliko hayo. Sheria ni ndogo, lakini iliponya ugonjwa.

Sasa tuje kwenye leni zenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wanapochanganywa na maelezo ya mdomo mdomo.

Kwanza mwelekeo. Gari ndani ya dawari za Ghuba zinazunguka kinyume na mshale wa saa. Kisiwa cha katikati, chenye maua au mnara, kiko mkono wako wa kushoto muda wote. Mama mmoja wa makamo alikuwa akiogopa sana jambo hili, na aliyemtuliza hakuwa mwalimu bali mumewe. Alimwambia: "Wewe umehiji, si ndiyo? Katika tawafu Al-Kaaba iko upande gani wako?" Kushoto. "Basi mwendo ni ule ule." Silinganishi ibada na magari, Mungu aniepushe. Lakini mtu aliyewahi kutufu anajua kwa mwili wake mambo mawili ambayo mwalimu wa gari anahangaika kuyafundisha kwa maneno. Anajua kwamba aliye karibu na katikati ndiye atakayezunguka zaidi. Na anajua kwamba anayetaka kutoka hakatizi watu ghafla, bali anasogea nje mapema, taratibu.

Pili, nani anampisha nani. Kwa kuwa waliomo ndani wanazunguka hivyo, wanakujia kutoka kushoto kwako. Unatazama kushoto, unampisha wa kushoto. Nyumbani ni kulia. Hili moja tu linawaangusha watu wazima wenye miaka kumi na tano ya usukani. Shingo imezoea kugeuka kulia, inageuka kulia, inaona hakuna gari, mguu unaachia breki. Na hatari yote inakuja kutoka kushoto.

Tatu, leni. Wanaotumia Kiingereza hupenda kufundisha kwa uso wa saa, na hapo tena Mswahili anapata kazi ya ziada, kwa sababu saa yetu na yao hazisomwi namna moja. Mwalimu akisema saa kumi na mbili anakusudia mbele, pale mishale yote miwili inaposimama wima. Mama wa Kiswahili anaitafuta saa kumi na mbili ya magharibi, ambayo mshale mfupi umeangalia chini. Nimeshaona mtu akibishana na mwalimu kwa ajili hiyo, na wote wawili walikuwa sahihi. Tuiache saa basi, tuseme kulia, mbele, kushoto na kurudi.

Ukitaka kulia, shika leni ya kulia kabisa, washa indiketa ya kulia kabla hujaingia, ingia, toka njia ya kwanza. Ukitaka kushoto, au unataka kugeuza urudi ulikotoka, shika leni ya kushoto kabisa na uwashe indiketa ya kushoto. Unazunguka ukiwa karibu na kisiwa. Ukishaipita njia ya kutokea iliyo kabla ya yako, unabadilisha indiketa iwe ya kulia, unatazama kioo na bega la kulia, unatoka. Ukitaka kwenda mbele moja kwa moja, kwenye dawari ya leni tatu ya kwako ni ya katikati. Huwashi kitu wakati wa kuingia, unawasha kulia ukishaipita njia ya kwanza. Kwenye dawari ya leni mbili, wa mbele kwa kawaida hutumia ya kulia, na pengine ya kushoto pia, mishale ikiruhusu.

Neno "mishale ikiruhusu" lisisitizwe. Kila dawari kubwa ina mishale mieupe iliyochorwa juu ya lami kabla ya kuingia, na mara nyingi ubao pembeni wenye mchoro wa leni. Mishale hiyo ndiyo inayotawala. Ikiwa leni ya kulia imechorewa kulia tu, ni kulia tu, hata kama jana kwenye dawari nyingine leni kama hiyo ilikupeleka mbele. Watu wanakariri kanuni halafu hawasomi barabara iliyo mbele yao.

Kwa nini mpango uwe huu na si mwingine? Fikiria gari mbili zimeingia pamoja, moja nje, moja ndani. Ile ya ndani ikitaka kutoka, lazima ipite mbele ya pua ya ile ya nje. Zikitoka zote mbili pale pale, kila moja ikibaki kwenye leni yake, hakuna tatizo. Lakini kama ile ya nje haitoki, inaendelea kuzunguka kuelekea kushoto, basi ile ya ndani ikitoka wanagongana, ubavu kwa pua. Ajali nyingi za dawari ni hii. Kwa hiyo kanuni yote ya leni, ukiivua mapambo, ni kwamba aliye nje atoke mapema. Anayetaka kukaa muda mrefu, aende ndani. Kijana akilielewa hili hahitaji kukariri jedwali, ataweza kujitengenezea jibu hata kwenye dawari ya njia tano ambayo hajawahi kuiona.

Na ukikosa njia yako? Zunguka tena. Hakuna faini ya kuzunguka mara mbili. Faini ipo kwa anayekata ghafla. Kwa jedwali la makosa la mwaka 2017, kukata ghafla ni dirham 1,000 na alama nyeusi nne, kutoshika leni ni dirham 400, na kutowasha indiketa wakati wa kugeuka ni 400 nyingine. Alama nyeusi zikifika 24, leseni inazuiwa. Kuzunguka tena kunakugharimu nusu dakika. Lakini nenda ukawaambie hivyo kinababa waliokaa kiti cha mbele, wanapiga kelele "Toka! Toka hapa! Umeshapita!" kana kwamba njia ile haitaonekana tena mpaka Kiyama.

Kinababa hawa tuwazungumze kidogo. Hapa nchini mwanafunzi hafundishwi na mzazi kwenye gari la nyumbani. Anafundishwa na mwalimu mwenye kibali, kwenye gari lililoandikwa kuwa ni la mafunzo. Dubai kazi hiyo iko chini ya taasisi zilizopewa leseni na Mamlaka ya Barabara na Usafiri. Oman ni tofauti, kule utamkuta mwalimu na gari lake mwenyewe, na mtihani maarufu wa mapipa, wa kurudi nyuma kati ya mapipa bila kuyagusa, unaosimamiwa na polisi. Familia zetu nyingi zina mguu mmoja Muscat na mmoja Dubai, kwa hiyo mashauri ya huku na kule yanachanganyika kwenye kikundi cha familia cha simu. Ami wa Seeb anatuma sauti ya dakika sita akimweleza binti wa Al Nahda namna ya kufaulu, na nusu ya anayosema ni ya mtihani wa Oman wa miaka ishirini iliyopita.

Lakini hata kama baba haruhusiwi kufundisha, anafundisha. Anafundisha tangu mtoto yuko kiti cha nyuma. Mtoto wa miaka 17 amepita kwenye dawari maelfu ya mara akimwona mkubwa wake anaingia na leni ya kulia kwa sababu ilikuwa na foleni fupi, halafu anakwenda kushoto kwa kulazimisha, akipiga honi. Masaa ya darasani yanashindana na miaka kumi na saba ya kuangalia. Mimi naona hapo ndipo mjadala wa umri unapokosewa. Tunauliza kama mtoto amekomaa, wakati swali la kwanza ni alichokiona. Kijana wa miaka 17 aliyekaa miaka yote nyuma ya dereva mtulivu namwamini zaidi kuliko wa miaka 22 aliyekulia nyuma ya mbabe.

Taasisi nazo zina lao. Asiyewahi kuwa na leseni hupewa somo la nadharia na mtihani wake, mafunzo ya uwanjani ya kuegesha, halafu masaa ya barabarani, kisha anakabidhiwa kwa mtahini. Mfumo wenyewe ni mzuri, na kwa kweli umeziweka barabara za hapa katika hali ambayo Nairobi au Dar wangeitamani. Ila kuna tabia ambayo wanafunzi wengi wananisimulia: mwalimu anampitisha njia zile zile zinazozunguka kituo, dawari zile zile mbili, mpaka mwanafunzi anajua kwamba "kwenye ile yenye mtende katikati unashika kushoto". Hajui kwa nini. Anajua mtende. Siku ya mtihani akipelekwa upande mwingine, au akishapata leseni akajikuta kwenye dawari ya Mnara wa Saa kule Deira, yenye magari ya pande zote na watu waliokwisha kasirika tangu asubuhi, mtende hausaidii kitu. Mzazi anayelipa ana haki ya kumwambia mwalimu: leo mpeleke mahali ambapo hajawahi kufika. Kila mtihani ukirudiwa kuna ada nyingine na masomo mengine juu yake, na si kila nyumba inayameza hayo kirahisi.

Simu nayo imeleta kosa lake jipya. Ramani ya simu inasema: kwenye dawari, toka njia ya tatu. Kijana anasikia tatu, anatafuta leni ya tatu. Hesabu ya njia za kutokea na hesabu ya leni ni vitu viwili. Kwenye dawari ya kawaida ya njia nne, njia ya tatu ni kushoto, kwa hiyo unashika leni ya kushoto. Lakini dawari ikiwa na njia tano, au ikiwa simu imehesabu na kijia cha kuingilia kituo cha mafuta, ya tatu inaweza kuwa mbele kabisa. Wa kumwamini ni ubao wa maelekezo ulioko kabla ya dawari, ule wenye mchoro wa duara na majina. Mchoro unakuonesha umbo, na umbo ndilo linalochagua leni. Simu ibaki kukuambia jina la barabara.

Kuna kundi jingine ambalo naliogopea kuliko vijana, nalo ni ndugu zetu wanaofika kutoka Afrika Mashariki wakiwa na leseni mfukoni. Raia wa nchi za Ghuba leseni yake inakubalika. Ya Kenya au Tanzania haibadilishwi moja kwa moja. Mwaka 2023 Dubai ilianzisha mpango unaoitwa Fursa ya Dhahabu: mwenye leseni ya nchi ambayo si miongoni mwa zinazobadilishwa anaweza kwenda kufanya mtihani bila kupitia masomo yote. Akifaulu, amemaliza. Akianguka, fursa imekwisha, anajiandikisha darasani kama wengine. Ni mara moja tu.

Mtu ameendesha miaka kumi na mitano Mombasa, amepita Makupa kila asubuhi kati ya matatu na tuktuk, utamwambia nini? Anakwenda mtihani akiwa na uhakika. Na uhakika wenyewe ndio unaomponza, kwa sababu ujuzi wake hauko kichwani, uko mikononi na shingoni, na vyote viwili vimejifunza upande wa pili. Kijana asiyejua kitu anafikiria kila hatua. Mzoefu hafikirii, anafanya. Nairobi kwa miaka mingi kwenye mizunguko mikubwa anayeamua ni askari aliyesimama katikati, hata taa zikiwa zinawaka, kwa hiyo dereva wa kule amejifunza kumtazama askari na kusogeza pua, si kusoma leni. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilifika mahali pa kuziba baadhi ya mizunguko kwa mapipa ili watu wasikate kulia. Mtu anayetoka katika malezi hayo si dereva mbaya, pengine ni hodari kuliko sisi. Ila mtahini wa Dubai hapimi uhodari. Anatazama umesimama ulipotakiwa kusimama na umeshika leni uliyotakiwa kushika, na kosa moja kubwa linatosha kukurudisha nyumbani.

Halafu kuna kichekesho cha waipa. Gari nyingi za Zanzibar na Kenya ni za Kijapani, usukani kulia, na kijiti cha indiketa kiko kulia kwa usukani. Hapa usukani uko kushoto na kijiti cha indiketa kiko kushoto. Mgeni anakaribia dawari, anataka kuonesha anageuka, mkono wa kulia unafanya kazi yake ya miaka yote, na waipa zinaanza kufagia kioo kikavu chenye vumbi la jangwani, kraa, kraa. Wenzake garini wanacheka, yeye anababaika, na hapo hapo gari ya kushoto imeshafika. Mwenye Fursa ya Dhahabu ningemshauri alipie japo masaa machache ya mazoezi kabla ya kuitumia, na masaa hayo ayatumie kwenye dawari na kwenye kubadilisha leni tu. Kuegesha anajua.

Wapo watakaosema kelele yote hii ya nini, mbona dawari zenyewe zinaondoka? Kuna ukweli. Al Ain ilijulikana Ghuba nzima kwa dawari zake zenye bustani, na nyingi zimegeuzwa kuwa makutano ya taa. Dubai nayo, dawari ya Trade Centre, ambayo kila mtu wa mji huu ana kisa chake nayo, imeingizwa kwenye mradi mkubwa wa madaraja matano, na yenyewe kugeuzwa makutano ya kawaida. Sababu ni hesabu ya magari. Dawari inafanya kazi vizuri magari yakiwa ya wastani na yakija kwa kupishana kutoka pande zote. Upande mmoja ukijaza mfululizo, waliosimama upande wa kulia kwake hawapati upenyo hata dakika kumi. Hapo taa inashinda, kwa sababu inagawa zamu kwa nguvu.

Lakini zinazoondoka ni zile kubwa. Ndani ya mitaa, Mirdif, Al Warqa, Al Barsha, dawari ndogo zipo na zitabaki, kwa sababu zinapunguza mwendo bila kusimamisha watu. Na hizo ndizo za mama wa skuli na kijana wa miaka 17, wala si madaraja ya Trade Centre. Tena hizo ndogo zina hatari yake: ziko karibu na misikiti, baqala na skuli, na kivuko cha watu kiko pale pale gari linapotokea. Dereva mgeni macho yake yote yako kushoto akitafuta upenyo, anaupata, anakanyaga mafuta, na anapotoka mtoto yumo barabarani na mkate mkononi. Ukifika kwenye njia ya kutoka, macho yahame, yaende kwenye kivuko. Sisikii walimu wakilisema hili mara nyingi.

Nimetaja mama wa skuli, na sitaki apite hivi hivi. Katika nyumba zetu nyingi leseni ya mama ndiyo inayoamua kama binti atakwenda darasa la Kurani la jioni, kama bibi atawahi kliniki, kama mtu atalazimika kumsubiri baba mpaka saa mbili ya usiku. Nawajua wanawake walioacha masomo ya gari katikati, na wakieleza sababu hawasemi barabara kuu, wanasema dawari. Walipigiwa honi wakiwa wamesimama kungoja upenyo, wakaona aibu, wakaingia pasipostahili, wakaogopa, wakaacha. Wa nyuma akipiga honi, mwache apige. Yeye haoni unachokiona, na ajali ikitokea ripoti ya polisi itaandikwa kwa jina lako. Aliyeingia bila kumpisha aliyemo ndani ndiye kwa kawaida anayepewa kosa, karatasi nyekundu, na mwenzake anapewa ya kijani. Jina la mpiga honi halimo.

Lipo zoezi ambalo halivunji sheria na halina ada. Mtoto anayekaribia umri akae kiti cha mbele badala ya kuangalia simu nyuma. Kabla ya kila dawari, gari likiwa bado mbali, aulizwe: tunakwenda wapi, tushike leni gani, nani tunampisha? Ajibu kwa sauti. Baba anayeendesha afanye kile kile mtoto alichosema, kama ni sahihi. Baada ya wiki tatu mtajua nani nyumbani anaijua kanuni na nani amekuwa akibahatisha, na jibu linaweza kumshangaza bibi.

Wakati wa likizo kuna darasa jingine. Watoto waliozaliwa huku wakienda Zanzibar wanataka kukodi gari. Pale mgeni anahitaji kibali cha huko cha kuendeshea, lakini hilo ni la karatasi, linamalizika ofisini. Likishamalizika wanakutana na kipilefti cha Michenzani, na kila kitu nilichokiandika hapo juu kinageuka: kisiwa kiko kulia, unampisha wa kulia, leni ya kulia ndiyo ya ndani, ya kushoto ndiyo ya kutokea mapema, na kijiti cha indiketa kimehama mkono. Kinachobaki vile vile ni kwamba aliye nje atoke mapema. Siku ya kwanza wapewe dereva mwenyeji, wakae pembeni watazame.

Na kabla ya kumkabidhi funguo huyo wa miaka 17 hapa Dubai, ipigieni simu kampuni ya bima. Bima nyingi zina masharti yake kwa dereva aliye chini ya miaka 25, na kipo kiasi ambacho mwenye gari hulipa mfukoni mwake ajali inapotokea. Ulizeni kama jina la kijana linatakiwa kuandikwa na kiasi hicho ni dirham ngapi, na jibu mlipate kwa maandishi.